Kibuyu cha Mwenye Nyumba

Jumapili, 6 Julai

Ukungu tena. Ukisimama lango la juu huoni lango la chini. Nimeandika mahudhurio, nimekusanya vizibao, nimeokota mipira kwenye shamba la ngano la jirani. Mmoja umepasuka. Hiyo ndiyo kazi ya katibu wa timu ya kata: mwanafunzi wa sheria, mwanamke pekee kwenye uongozi, aliyerudi likizo na kuchaguliwa kwa sababu ana mwandiko mzuri na mdomo usiochoka.

Kipa wetu hakuwepo. Kamati ya ligi ya Mbulu na Hanang imemfungia Tluway hadi msimu uishe. Alikuja kwenye mechi dhidi ya timu ya kata ya Daudi amelewa, akaruhusu mabao mawili ya kitoto, kisha akamsukuma mwamuzi kifuani. Mama yake Tluway alikuwa pembeni ya uwanja, anatazama. Sitetei hilo. Mwamuzi hasukumwi.

Golini alisimama Deo. Ana moyo, hana kimo.

Sasa mwenyekiti, Mzee Sulle, ameitisha kikao Jumanne. Wanasema kamati imemfungia, timu nayo imfukuze. Adhabu juu ya adhabu. Nimekaa dawati moja na Tluway miaka yote ya shule ya msingi. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Jumanne, 8 Julai

Kikao kilifanyika darasa la nne, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Nilimwamkia Mzee Sulle shikamoo nikiwa nimekaza meno. Akaitikia marahaba kwa upole. Upole wake unaniudhi kuliko ukali wa wengine.

Alisema: "Jino bovu hung'olewa, haliimbiwi wimbo." Wakacheka.

Niliyemtegemea ni Paskali, nahodha. Akaniangusha. Alisimama na kusema amechoka. "Nimemtapikisha, nimemwogesha, nimemdanganyia kocha kwamba ana malaria. Malaria gani hiyo ya kila Jumamosi, Katibu?" Ilikuwa kweli.

Ndipo nikasimama. Niliwauliza ni wakati gani wa siku Tluway hajanywa. Nikamgeukia Kocha Margwe, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Akasema saa za mazoezi, na muda kidogo kabla ya hapo, kwa sababu Tluway anamwogopa yeye. Nikasema: basi uwanja ndiyo nyumba pekee ya kata hii isiyo na chupa, na ninyi mnataka kuifunga na kumwacha mwenzenu nje kwenye baridi, kisha kesho mshangae kwamba ameganda! Timu ni jina la watu wanaobebana. Watu wanaotupana wanaitwa umati.

Nilisema mengi zaidi. Baadhi yalikuwa mazuri.

Mzee Sulle alisubiri nimalize. "Binti yangu, maneno yako ni matamu kama mahubiri ya Pasaka. Akinywa tena, utatupa nini?"

"Nafasi yangu, mzee. Akinywa, na mimi naondoka."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka.

Uamuzi: hatacheza, kama kamati ilivyoagiza. Lakini atakuja mazoezini kila siku kumfundisha Deo, chini ya macho na pua ya kocha. Akikutwa amekunywa kabla ya fainali, jina lake linafutwa, na katibu anakwenda zake.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwao. Alikuwa zizini, anakamua. Maziwa mengi yalikuwa chini kuliko kwenye kibuyu.

"Umekuja kunihutubia, Mheshimiwa?"

Nikamweleza uamuzi wa kikao. Hakushangilia. Alinyoosha mikono nione. Inatetemeka kama majani ya maharage kwenye mvua. Anasema asipokunywa kabla ya jua kupanda, mwili unamtoka jasho kwenye baridi hii hii, moyo unakimbia, anasikia watu wakimwita na hakuna mtu. Alianza machimboni, alikokwenda kutafuta maisha baada ya baba yake kufa. Huko kila mtu alikunywa gongo ili ashuke shimoni. Alirudi bila jiwe, na kiu.

Nilikuwa na hotuba nzima kuhusu utashi. Nimeimeza. Huyu si mzembe. Huyu ni mgonjwa, na sisi tulikuwa tunajadili kuung'oa ugonjwa kwa kumtupa mwenye nao.

Ijumaa, 11 Julai

Hospitali, mjini Mbulu. Pikipiki mbili: mimi na Tluway, na Paskali nyuma yetu, amenuna. Alisema amekuja kwa sababu pikipiki ni ya shemeji yake na haimwamini mtu mwingine.

Daktari ni kijana, hakutukemea. Alisema mtu aliyezoea hivyo asiache ghafla akiwa peke yake, anaweza kufa. Akampa dawa, akamwambia arudi kila Ijumaa. Kisha akauliza nani atakaa naye siku hizi za mwanzo, nani ndugu yake wa kumsimamia.

Mimi, mwenye maneno, nilikuwa bado natafuta neno.

"Timu," akasema Paskali, bado amenuna.

Nimemsamehe yote.

Alhamisi, 17 Julai

Wamekaa naye kwa zamu. Deo alilala huko mara mbili, akarudi na macho mekundu. Anasema Tluway alilia, akatapika, akamsimulia mechi zote alizowahi kudaka tangu utotoni, bila kuruka hata moja.

Leo amekuja uwanjani. Amekonda. Alisimama nyuma ya lango na fimbo ya kuchungia, akimwelekeza Deo. "Toka! Usimsubiri, toka! Wewe ni kipa au ni nguzo ya umeme?" Deo akajibu kwamba nguzo za umeme ni ndefu. Uwanja mzima ulicheka, na Tluway pia. Nilikuwa nimesahau kicheko chake. Ni kikubwa, hakimfai mtu mwembamba hivyo.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya Misa watu wamenishika mikono. Mama Tluway alinishika muda mrefu kuliko wote. Sikumbuki alichosema, nakumbuka viganja vyake.

Najivunia. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa hakuna asomaye. Nilisimama mbele ya wazee na nikashinda.

Jambo moja. Mahindi ya Mama Tluway bado yamesimama shambani. Majirani wote wamevuna, ng'ombe wanaanza kuachiliwa mashambani. Yeye mgongo haumruhusu, na mwanawe mwezi wote alikuwa kitandani au kilabuni. Jioni nimependekeza timu nzima ikamvunie kwa ujima. Wote waliitikia, hata wazee. Mzee Sulle alisema hilo ndilo wazo la kwanza la chuo kikuu analolielewa.

Alhamisi, 24 Julai

Mama Tluway alikuja kuazima sufuria kubwa ya mama, ile ya harusi. Nimemsaidia kuibeba hadi kwao. Nzito kweli. Alikuwa na furaha, anaimba njiani. Maandalizi yanakwenda vizuri.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Tulianza asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Watu walikuja kuliko tulivyotarajia: timu, wazee, hata wanawake kutoka Maretadu waliosikia. Tluway aliongoza mstari. Alikata mahindi kama mtu anayelipiza kisasi. Hadi jua linapita utosi shamba lilikuwa jeupe. Nilisimama pembezoni nikafikiri: huu ndio ujamaa usiohitaji mhadhara.

Kisha tukaenda nyumbani kwao kupumzika. Na harufu ikatupokea mlangoni.

Pombe. Sufuria ya mama yangu imejaa hadi ukingoni, inatoa povu. Mama Tluway alikuwa ameipika tangu Alhamisi, kwa upendo wote alionao. Bila shaka alipika! Nani katika milima hii amewahi kuita watu wavune, kisha akawapa maji? Hiyo ni kuwatukana. Sisi tulijua. Tulijua tangu siku tulipokubaliana, kama mtu anavyojua kwamba nyumba ina paa. Hakuna aliyelitazama paa.

Nilimtazama Kocha. Naye alitazama chini. Nilimtazama Paskali. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Tungeweza kuondoka. Tungeweza kusema. Lakini pombe haimwagwi kwenye uwanja wa mjane aliyekushukuru.

Wazee walikaa. Mzee Sulle, akiwa mkubwa wao, alipokea kibuyu cha kwanza, akamwaga matone chini, akabariki nyumba, shamba, ng'ombe na vijana. Baraka nzuri. Kisha akafanya kinachofanywa kila mara. Pombe ya mwenyeji huonjwa na mwenyeji mwenyewe, ili wageni wajue haina ubaya. Baba wa nyumba hii amekufa. Mwenye nyumba ni Tluway.

Akamnyooshea kibuyu. "Mwenye nyumba, onja."

Tluway alinitazama mimi. Mimi, katika watu wote wale.

Nina mdomo ulioitisha mgomo wa bweni zima. Nina mdomo uliomjibu mkuu wa kitivo. Leo haukufunguka. Niliona mama yake amesimama mlangoni, mikono kwenye kanga, anatabasamu, anasubiri mwanawe awe mwanamume mbele ya watu.

Akaonja. Akarudisha kibuyu kwa mikono miwili, kwa adabu.

Watu wakashangilia.

Aliendelea kugawa, kama mwenyeji anavyopaswa. Kila alipopita na kibuyu niliona kinarudi chepesi zaidi. Kabla jua halijazama hakuonekana tena. Sufuria nayo ilikuwa tupu.

Jumapili, 27 Julai

Tumempata asubuhi, kengele ya kwanza ya Misa ikilia. Chini bondeni, nyuma ya nyumba inayouza gongo, amelala kwenye majani yenye baridi kali. Viatu hana. Midomo ya bluu. Nilidhani amekufa, nikapiga kelele ambayo sikuijua kuwa ni yangu.

Paskali alimbeba mgongoni kupanda kilima chote. Hakununa, hakusema, alipumua tu.

Kwenye moto, chini ya blanketi mbili, Tluway alifungua macho. Nikamwambia ningepaswa kusema kitu. Akatikisa kichwa. "Ningekataa, mama angeaibika mbele ya watu wote waliomvunia." Akafikiri kidogo. "Nilidhani kimoja tu."

Mama yake amejifungia ndani. Hajala. Nilibisha hodi, akasema, "Niache, binti. Nimemuua mwanangu kwa mikono yangu." Nilikaa nje ya mlango wake.

Jumatatu, 28 Julai

Kata nzima inajua. Kikao kesho.

Nimeandaa hotuba, kali kuliko zote. Ina shabaha moja: mkono ulionyoosha kibuyu. Nimeisoma kwa sauti mbele ya mbuzi. Itamvunja yule mzee vipande vipande, tena mbele ya watu wake.

Nataka kumvunja.

Jumanne, 29 Julai

Sikuisoma.

Nilisimama nikiwa nayo kichwani, neno kwa neno. Mzee Sulle alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto kama sisi sote, kofia mapajani, ameinama. Nikaona hakulala usiku. Na nikaona kwamba nikimpiga yeye, wengine wote watatoka darasani wamepona.

Nikasema hivi tu: "Tulikwenda kumvunia, tukamnywesha. Sufuria niliibeba mimi. Kila aliyekuwepo alinusa mlangoni, na hakuna aliyefungua mdomo, nami nikiwemo. Kama kuna jina la kufutwa leo, tuanze kufuta ya kwetu."

Nikakaa. Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mbuzi wa shule walisikika nje.

"Kibuyu nilikishika mimi," akasema Mzee Sulle. "Nilimpa kwa heshima. Mtoto aliyefiwa na baba huheshimiwa hivyo. Sikufikiri kwamba heshima yangu haina mlango wa kutokea."

Kocha Margwe, ambaye hajawahi kusema zaidi ya sentensi mbili kikaoni, alisema nyingi. Kwamba Tluway abaki. Kwamba kufungiwa kwake kubaki vilevile, kwa kuwa kosa la uwanjani ni kosa. Kwamba kila Ijumaa mtu aende naye hospitali, msimu ukiwepo au usiwepo. Na kwamba popote timu hii itakapokwenda kwa ujima, watu watakunywa uji, chai au maziwa, na jambo hilo mwenyeji aambiwe mapema na mzee, si na kijana, ili lisiwe aibu ya mama yeyote.

"Nani atakuja kuvuna kwa uji?" akauliza Deo.

"Utakuja wewe," akasema Paskali, "upate kurefuka."

Tukacheka kama watu waliotoka msibani. Mikono ikanyooshwa. Yote yakapita.

Nilidhani tumemaliza. Mzee Sulle akavaa kofia. "Limebaki moja. Neno la mtu si kamba ya mbuzi, leo uifunge huku, kesho kule. Katibu aliahidi."

Paskali alisimama. "Mzee, huo si uungwana!"

"Keti, Paskali," nikamwambia.

Kwa sababu yule mzee alikuwa na haki. Aliposema kibuyu ni chake, hakutafuta mlango wa nyuma. Mimi nautafutia wapi? Nimempa Deo filimbi na funguo za stoo. Nilimwamkia mwenyekiti kwa kuagana. Meno sikuyakaza.

Njiani nililia. Kwa hasira, kwa ahueni, na kidogo kwa majivuno yaliyovunjika. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyouma zaidi.

Ijumaa, 1 Agosti

Paskali ndiye aliyempeleka. Daktari hakushangaa. Alisema wengi huanguka, naye anawahofia zaidi wasiorudi. Amebadili dawa. Mama Tluway alikwenda nao, amevaa kama wa kwenda kanisani. Ameulizwa, ameeleza, ameelezwa. Paskali anasema alirudi amenyooka mgongo.

Jumamosi, 9 Agosti

Fainali. Vijana wa Hanang walikuja kutoka tambarare, warefu, wamejifunga shuka juu ya jezi kwa ajili ya baridi yetu, wakituuliza kama huku jua tunaliona kwenye picha. Mshambuliaji wao anakimbia kama anayefukuza ndama.

Tluway, kwa kufungiwa, haruhusiwi kukaa benchi. Alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, upande wa goli la Deo. Mimi nilisimama karibu naye. Benchi si langu tena.

Alipiga kelele hadi sauti ikakauka. "Toka, Deo! Toka!" Na Deo akatoka. Mara tatu alitoka kama paka, akaukumbatia mpira miguuni mwa yule mrefu. Mara ya nne mpira ulimpita juu ya vidole. Palihitajika kimo.

Tumefungwa moja bila.

Baada ya filimbi, mtu mmoja nyuma yetu alisema kwa sauti, "Angekuwepo kipa mwenyewe, asingekuwa mlevi, kombe lingebaki Mbulu." Niligeuka, damu imepanda. Tluway alinishika mkono. "Amesema kweli," akasema. Akaruka kamba, akaenda kumwinua Deo aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye matope. Walirudi nyumbani na timu, kwa miguu, wote pamoja. Walipita mbele ya vilabu vyote. Niliwafuata kwa macho hadi ukungu ukawachukua.

Leo hakunywa. Sijui kesho.

Alhamisi, 14 Agosti

Tunapukuchua mahindi barazani, mama na mimi. Jua dogo, la kwanza wiki hii. Wanasema Mzee Sulle jana alivunisha shamba lake kwa maziwa ya mgando. Waliokuja walikuwa wachache, wakamwita mlokole. Akawaambia wanywe kwanza, watukane baadaye.

Tluway amekuja na sufuria kichwani. Imesuguliwa hadi inang'aa kama mpya. Alimwamkia mama shikamoo, akaitua kwa mikono miwili. Mikono haikuwa imetulia kabisa. Ilikuwa imetulia zaidi.

"Mama anasema chombo cha jirani hakirudi kitupu."

Kwa desturi sufuria kama hiyo ingerudi na machicha ya pombe na kibuyu cha mwisho. Ndani yake kulikuwa na viazi, vya moto bado, vimefunikwa na jani la mgomba.

Tulikula. Akauliza nitarudi chuo lini. Nikamwambia bado. Akauliza sasa mimi ni nani kwenye timu, kwa kuwa si katibu wala mchezaji. Nikamwambia nimefungiwa, kama alivyofungiwa yeye.

Akacheka kile kicheko chake kikubwa. Akachukua kiazi kimoja cha kumpelekea Deo.

"Mazoezi saa kumi," akasema. "Twende ukaokote mipira."

Nimefunga viatu. Naweka kalamu.